Mdakaji wa Akiba katika Besiboli ya Kulipwa ya Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu Marekani, tangu ligi ya kwanza ya kulipwa ilipoanza mwaka 1871 hadi kama 1912. Mifano mingi imetoka kwa wachezaji wawili waliogawana kazi ya udakaji katika timu ya Toledo, Ohio, msimu wa 1884: Moses Fleetwood Walker na James McGuire, aliyejulikana zaidi kama Deacon McGuire. Wapo wadakaji waliokuwa na majina makubwa kuliko hawa, lakini sijaona jozi nyingine inayoonyesha kazi hii ilivyokuwa kwa uwazi kama hii.

## Mambo ya msingi

Mdakaji anafanya kazi gani hasa?

Anakaa nyuma ya mpigaji. Mrushaji akirusha mpira na mpigaji asiupige, mdakaji anaudaka. Anampa mrushaji ishara za vidole kumwambia mpira gani urushwe, mnyoofu au wa kupinda. Mkimbiaji wa timu pinzani akijaribu kuiba besi (kukimbilia kituo kinachofuata bila mpira kupigwa), mdakaji ndiye anayeurusha mpira kumuwahi. Na mkimbiaji akija mbio kutafuta pointi, mdakaji ndiye anayemsubiri pale nyumbani, yaani kituo cha mwisho alipo mpigaji, na enzi hizo mara nyingi kwa kugongana naye.

Kwa anayejua soka, mdakaji wa akiba ni kama kipa namba mbili, ila kuna tofauti kubwa. Kipa namba mbili anaweza kusugua benchi msimu mzima asiguse mpira. Mdakaji wa akiba wa miaka ya 1880 alikuwa na uhakika wa kucheza, tena mara nyingi, kwa sababu zilizo kwenye swali linalofuata.

Kwa nini mdakaji mmoja hakutosha?

Mikono. Mpira wa besiboli una uzito wa karibu gramu 145 na ni mgumu. Mwaka 1884 mrushaji alisimama futi 50 kutoka kwa mpigaji, yaani kama mita 15, karibu zaidi kuliko leo (umbali wa sasa wa futi 60 na inchi 6 ulianza 1893). Mdakaji aliupokea kwa viganja vilivyofunikwa na ngozi nyembamba, au visivyofunikwa kabisa. Isitoshe, sheria ya wakati huo ilimpa mpigaji besi ya bure baada ya mipira mibaya (isiyopita mbele yake inavyotakiwa) sita au zaidi, si minne kama sasa, kwa hiyo mipira iliyomfikia mdakaji kila siku ilikuwa mingi zaidi.

Kidole kikiteguka Jumatatu, Jumanne hakishiki kitu. Ndiyo maana timu zilisajili wadakaji wawili au watatu hata pale zilipokuwa na wachezaji 12 au 13 tu kwa jumla. Toledo ilicheza michezo zaidi ya 100 mwaka 1884. Walker alionekana katika 42, McGuire katika 45, na wengine wakajaza mapengo. Hakuna hata mmoja wa hao wawili aliyefikia nusu ya msimu. Chief Zimmer wa Cleveland alipodaka michezo 111 mfululizo mwaka 1890 watu walishangaa, na tayari glovu nene ilikuwa imeshafika.

Mdakaji wa kwanza akiumia katikati ya mchezo, wa akiba aliingia kama ilivyo leo?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokosea wanaposoma ripoti za magazeti ya zamani. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1880, kanuni hazikuruhusu kumtoa mchezaji kwa sababu za mbinu. Ilibidi awe ameumia au anaumwa. Mwaka 1889 timu iliruhusiwa mchezaji mmoja wa kubadilisha, na uhuru kamili ulikuja 1891.

Basi timu zilibuni njia. Mdakaji wa pili alipangwa kwenye uwanja wa kulia, kule mipira ilikokwenda kwa nadra. Mikono ya yule wa kwanza ikishindwa, hawa wawili walibadilishana nafasi tu: anayevuja damu anatembea kwenda pembeni, mwenzake anakuja nyuma ya mpigaji. Hakuna aliyetoka, kwa hiyo hakuna kanuni iliyovunjwa. Ukiona jina la mdakaji limeandikwa kama mchezaji wa pembeni katika michezo kadhaa, usidhani alikuwa kiraka wa kila nafasi. Huenda siku hiyo alikuwa anapumzisha vidole.

Mdakaji alisimama wapi? Picha za zamani zinamwonyesha yuko mbali sana.

Ni kweli. Kabla ya vifaa vya kinga, mdakaji alisimama mita kadhaa nyuma na kuudaka mpira baada ya kudunda mara moja. Alisogea karibu pale tu ilipobidi: kukiwa na mkimbiaji kwenye besi, au mpigaji akiwa amebakiza jaribio la mwisho. Mdakaji wa kwanza na wa akiba walitofautiana sana hapa. Mwenye ujasiri wa kukaa karibu muda mrefu ndiye aliyepewa namba. Kuanzia 1901 ligi kubwa iliamuru mdakaji awe karibu, ndani ya futi 10, muda wote.

## Vifaa na mikono

Walivaa nini, na tangu lini?

Vifaa vilikuja kimoja kimoja, kwa miaka zaidi ya 35.

Glovu ilianza kama kitu cha kujiponya. Doug Allison wa Cincinnati anatajwa kuwa alivaa kitu cha ngozi mkononi mwaka 1870 kwa sababu mkono ulikuwa umeumia. Zilizofuata zilikuwa glovu za kawaida zilizokatwa ncha za vidole, moja kila mkono, ili mdakaji aweze kushika na kurusha. Barakoa ya waya ilibuniwa na Fred Thayer wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mdakaji wao James Tyng aliivaa 1877, na hataza (haki ya kisheria ya mbunifu) ikatolewa Februari 1878. Kinga ya kifua ilienea katikati ya miaka ya 1880. Glovu nene ya mviringo, ile inayofanana na mto mdogo, ilitokea karibu 1888; wachezaji kadhaa walidai ni yao, na mmoja wao, Harry Decker, aliipatia hataza 1889. Kinga za ugoko zilionekana hadharani 1907 zikiwa zimevaliwa na Roger Bresnahan wa New York.

Kwa hiyo mdakaji wa 1884 alikuwa na barakoa, pengine na kinga ya kifua, na mikononi karibu hana kitu.

Kwa nini walichelewa kuvaa kinga?

Aibu. Mashabiki walizomea, na wachezaji wenyewe waliona ni dalili ya woga. Mdakaji mzuri wa miaka ya 1870 kama Deacon White alijulikana kwa kudaka mikono mitupu, na sifa ya namna hiyo haiachwi kirahisi. Kuna jambo jingine linalosahaulika: mdakaji wa akiba ndiye aliyekuwa na sababu kubwa zaidi ya kukubali kuumia kimyakimya. Akilalamika, yupo wa tatu anayesubiri.

Ni kweli vidole vyao vilipinda maisha yote?

Ndiyo. Picha ya eksirei ya mkono wa kushoto wa McGuire ilichapishwa akiwa bado anacheza, na ilihesabiwa mipasuko, mikunjo na vinundu zaidi ya 30. Usisahau kwamba huyu ndiye aliyebahatika kudumu. Mpira uliogusa gongo (fimbo ya mpigaji) kidogo ulikuwa mbaya kuliko wote, kwa sababu ulibadili njia umbali wa kiganja kimoja kabla ya kufika, na ncha za vidole ndizo zilizoupokea. Kwenye mbavu ulikuwa hatari vilevile: Walker aliumizwa mbavu hivyo katika msimu wa 1884.

Kwa nini takwimu zao zina makosa mengi hivyo?

Kwa sababu zote zilizotajwa hapo juu. Mechi ya kwanza ya Walker katika ligi kuu, Louisville, tarehe 1 Mei 1884, alifanya makosa manne na hakupiga hata mpira mmoja salama, yaani wa kumfikisha kwenye besi. Ukilinganisha na mdakaji wa leo utasema hafai. Ukilinganisha na wenzake wa mwaka ule, alikuwa wa kawaida au zaidi ya kawaida. Makosa ya wadakaji wa kabla ya 1890 yasomwe pamoja na jina la mrushaji wa siku hiyo (tazama swali la Mullane hapa chini).

## Toledo, 1884

Kati ya Walker na McGuire, nani alikuwa wa akiba?

Inategemea mwezi. Walker ndiye aliyeanza msimu akiwa na namba. Alikuwa na miaka 27, amesoma Oberlin na Chuo Kikuu cha Michigan, amedakia vyuo vyote viwili, na alikuwa mdakaji wa Toledo mwaka 1883 walipokuwa ligi ya chini. McGuire alikuwa kijana wa miaka 20 kutoka Youngstown. Majeraha ya Walker yalipozidi, McGuire akachukua siku nyingi zaidi.

Kwa upigaji hawakukaribiana. Walker alipiga wastani wa .263, yaani mipira salama 263 kwa kila majaribio 1,000, akiwa juu ya wastani wa ligi. McGuire alipiga .185. Mtu aliyekuwa na takwimu hizi mbili tu mezani mwezi Oktoba 1884, akaulizwa nani atacheza hadi 1912, angemtaja Walker bila kusita.

Kwa nini Walker anatajwa sana katika historia?

Kwa sababu alikuwa Mweusi, akicheza wazi kama Mweusi katika ligi kuu, miaka 63 kabla ya Jackie Robinson, Mweusi aliyefungua tena mlango wa ligi kuu, kuingia Brooklyn mwaka 1947. Toledo haikumsajili kama Mweusi wa maonyesho. Ilipandishwa daraja mwaka 1884, American Association, moja ya ligi kuu za wakati huo, ilipoongeza timu hadi 12, na mdakaji wake alipanda nayo.

Kulitokea nini Louisville mwaka 1881?

Hiki ndicho kisa ninachokiona kinafafanua zaidi maisha ya mdakaji wa akiba, ingawa kilitokea miaka mitatu kabla ya Walker kufika ligi kuu. Alikuwa na timu ya kampuni ya cherehani ya White ya Cleveland, iliyokwenda Louisville mwezi Agosti. Asubuhi hotelini alinyimwa chakula. Uwanjani wenyeji walikataa acheze, na Cleveland ikamweka mdakaji mwingine.

Baada ya zamu ya kwanza ya kupiga, mkono wa yule mwingine ukawa umeumia na akasema haendelei. Hapo ndipo mashabiki wa Louisville wenyewe walipoanza kuita kwa sauti Walker aingie. Alisita, kisha akavua koti, akaingia, akarusha mipira kadhaa ya kupasha mwili hadi besi ya pili, na watu wakashangilia. Wachezaji wawili wa Louisville wakaondoka uwanjani wakielekea chumba cha kubadilishia nguo. Walker akarudi kukaa, na mchezaji wa besi ya tatu wa Cleveland ndiye aliyelazimika kudaka.

Timu ilikuwa na mdakaji wa akiba mzima, amekaa pale pale, na ikamtumia mtu asiye mdakaji.

Na Cap Anson alifanya nini 1883?

Anson alikuwa nahodha wa Chicago, timu kubwa kuliko zote wakati huo. Tarehe 10 Agosti 1883 walikwenda Toledo kwa mchezo wa kirafiki. Anson akasema timu yake haitaingia kama Walker yumo. Jambo la kuchekesha, kama linachekesha, ni kwamba Walker hakuwa amepangwa siku hiyo. Mikono yake ilikuwa inauma na kocha Charlie Morton alitaka kumpumzisha. Morton aliposikia masharti hayo akampanga makusudi kwenye uwanja wa kulia, na kumweleza Anson kwamba wasipocheza mapato ya mlangoni hawayapati. Chicago ikacheza, ikashinda kwa 7-6.

Wanaouliza kwa nini alikuwa uwanja wa kulia warudi kwenye swali la kubadilisha wachezaji.

Ni kweli mrushaji wa Toledo mwenyewe alimhujumu Walker?

Tony Mullane alikiri mwenyewe, miaka mingi baadaye. Alisema Walker alikuwa mdakaji bora kuliko wote aliofanya nao kazi, lakini kwa kuwa hakuwapenda Weusi alirusha anachotaka bila kutazama ishara zake. Siku moja Walker akamfuata na kumwambia atamdakia bila ishara yoyote, ila hatampa ishara ili apuuzwe. Wakaendelea hivyo, mdakaji asijue kinachokuja.

Mullane alishinda michezo 36 msimu ule, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya Walker ilikuwa kwake. Yeyote aliyewahi kudaka mpira wa kupinda anaelewa maana yake: mkono umeshauweka kushoto, mpira unakwenda kulia na chini. Ukiwa na glovu nene ya leo utaumia kidogo. Ukiwa na ngozi iliyokatwa vidole, kidole kinavunjika. Sifa ya Mullane kwamba Walker alikuwa bora ina uzito kwa sababu hii hii, maana ndiye aliyefanya kazi yake iwe ngumu.

Barua ya vitisho ya Richmond ndiyo iliyomtoa Walker Toledo?

Si barua peke yake. Barua ya tarehe 5 Septemba 1884 ilitumwa kwa Morton ikionya kwamba wanaume 75 wameapa kumshambulia Walker akionekana uwanjani Richmond, Virginia, amevaa jezi. Majina yaliyosainiwa yalikuwa ya kubuni. Lakini Walker alishakuwa majeruhi, mechi yake ya mwisho ilikuwa mwanzoni mwa mwezi huo huo, na alitemwa kabla Toledo haijasafiri. Msimu ulipoisha ligi ilipunguza timu na Toledo ikatoka kabisa.

Nionavyo mimi, majeraha yalimtoa Toledo. Rangi ndiyo iliyomzuia kupata timu nyingine ya ligi kuu. McGuire, aliyepiga .185, mwaka uliofuata alikuwa Detroit.

## Kuishi kwa kazi ya akiba

McGuire alidumu vipi misimu 26?

Kwa kukubali kuhama na kukubali kuwa wa pili. Baada ya Toledo alipita Detroit, Philadelphia na Cleveland. 1889 alirudi ligi ndogo, Toronto. Mwaka 1890 wachezaji walipoanzisha ligi yao wenyewe nafasi zikaongezeka ghafla, naye akapata Rochester. Kuanzia 1891 alikuwa Washington, na huko ndiko mdakaji wa akiba alipogeuka kuwa mtu wa kazi zote: mwaka 1895 alidaka kila mchezo wa timu yake. Kisha Brooklyn, Detroit tena, New York, Boston na Cleveland.

Wadakaji walizeeka tofauti na wachezaji wengine. Mchezaji wa pembeni akipoteza mbio amekwisha. Mdakaji mwenye miaka 38 asiyeweza kukimbia bado alijua udhaifu wa wapigaji wa ligi nzima, na timu yenye mrushaji mchanga ilimhitaji. McGuire ndiye mwenye rekodi ya mdakaji aliyesaidia kutoa wapinzani mara nyingi zaidi kwa mipira yake ya kurusha, 1,860. Hiyo ni rekodi ya enzi ambayo timu ziliiba besi kila siku.

Walilipwa vipi?

Kwa msimu, na bila nguvu ya kujadiliana. Tangu 1879 timu za ligi kubwa zilikubaliana "kuhifadhi" wachezaji: mchezaji aliyehifadhiwa hakuweza kuchukuliwa na timu nyingine hata mkataba ukiisha. Mwanzo walihifadhiwa watano kwa kila timu, na mdakaji wa akiba hakuwemo. Alikuwa huru, yaani huru kukosa kazi. Orodha ilipokua hadi 11 mwaka 1883 naye akaingia, akapoteza uhuru na kupata uhakika kidogo. Mwaka 1885 wenye timu walikubaliana kikomo cha dola 2,000, ingawa waliivunja ahadi hiyo kwa nyota wao. Kwa wa akiba hakuna aliyejisumbua kuivunja.

Nasikia wadakaji wengine walisajiliwa kwa sababu ya mrushaji mmoja tu. Ni kweli?

Ndiyo, na ilikuwa njia nzuri kuliko zote ya kupata kazi. Warushaji wengi walikuwa na mdakaji wao, na timu ikimtaka mmoja iliwachukua wote wawili. Connie Mack aliingia ligi kuu hivyo mwaka 1886: Washington ilimtaka Frank Gilmore wa Hartford, na Mack alikuwa mdakaji wake. Wote walikuwa warefu na wembamba mno, wakaitwa jozi ya mifupa. Gilmore hakudumu. Mack alikaa misimu 11.

Mack hakuwa mpigaji, alikuwa mjanja. Aliweza kutoa sauti inayofanana na mpira kugusa gongo ili mwamuzi adhani mpira umeguswa na kumtoa mpigaji, maana wakati huo mpira uliogusa gongo kidogo ukadakwa ulikuwa unamtoa. Pia aligusa gongo la mpigaji kidogo kwa mkono wakati linazungushwa, kisha akaomba radhi kwa upole mkubwa.

Baada ya kustaafu walifanya nini?

Wengi walikuwa makocha. Mack aliongoza Philadelphia miaka 50, 1901 hadi 1950. McGuire aliongoza Washington, Boston na Cleveland bila mafanikio makubwa. Wilbert Robinson, mdakaji mwingine wa zamani, aliongoza Brooklyn.

Charlie Bennett wa Detroit na Boston hakubahatika: Januari 1894, huko Kansas, aliteleza akipanda treni na kupoteza miguu yote miwili. Detroit iliupa uwanja wake jina la Bennett miaka miwili baadaye.

Na Walker?

Alicheza ligi za chini hadi 1889. Mwaka 1887 alikuwa Newark akimdakia George Stovey, Mweusi mwenzake aliyeshinda michezo zaidi ya 30. Tarehe 14 Julai mwaka huo Chicago ya Anson ilikuja Newark, na Stovey na Walker hawakucheza. Siku hiyo hiyo wenye timu za International League, ligi ya chini aliyochezea Newark, walipiga kura kutoidhinisha mikataba mipya ya wachezaji Weusi. Walker aliendelea Syracuse, akatwaa ubingwa 1888, akaachwa Agosti 1889. Ligi hiyo haikuona Mweusi mwingine hadi Robinson alipochezea Montreal 1946.

Maisha yaliyofuata hayatoshi hapa. Alishtakiwa kwa mauaji Syracuse 1891 baada ya kuvamiwa mtaani, akaachiwa huru. Alifungwa mwaka mmoja kwa kosa la kuiba barua alipokuwa karani wa posta. Alipata hataza ya kombora la mizinga na, mwaka 1920, hataza za mitambo ya filamu. Aliendesha ukumbi wa maonyesho mjini Cadiz, Ohio. Alifariki Cleveland tarehe 11 Mei 1924.

## Maswali ya pembeni

Walker alikuwa Mweusi wa kwanza kweli?

Watafiti wanamtaja pia William Edward White, aliyecheza mchezo mmoja kwa Providence tarehe 21 Juni 1879. Mama yake alikuwa mtumwa, lakini yeye aliishi akihesabiwa Mzungu. Kwa hiyo jibu linategemea unauliza nini. Ukiuliza nani alicheza akijulikana kuwa Mweusi na kubeba matokeo yake, ni Walker. Mdogo wake Weldy naye alicheza michezo michache Toledo mwaka 1884. Mdakaji Mweusi aliyefuata katika ligi kuu ni Roy Campanella wa Brooklyn, 1948.

Walker alihusika vipi na Afrika?

Mwaka 1908 alichapisha kijitabu, Our Home Colony, akisema Weusi wa Marekani hawatatendewa haki kule na njia iliyobaki ni kuhamia Afrika. Yeye na Weldy walihariri pia gazeti lililoitwa The Equator. Ni hitimisho la mtu aliyefukuzwa kazini akiwa na ujuzi kamili, na wasomaji wengi wanaolikataa bado hushindwa kulijibu.

Ni kweli Branch Rickey, aliyemsajili Jackie Robinson, alikuwa mdakaji wa akiba?

Ndiyo, na hakuwa mzuri. Alichezea St. Louis na New York kati ya 1905 na 1907, na alikataa kucheza Jumapili kwa sababu za dini, jambo lililoifanya Cincinnati imwache mapema. Tarehe 28 Juni 1907, bega likiwa bovu, Washington iliiba besi 13 dhidi yake katika mchezo mmoja.

Katika orodha ya wachezaji wa New York wa msimu huo limo pia jina la McGuire, akiwa na miaka 43, kabla hajakwenda kuongoza Boston. Tangu Walker hadi Robinson kuna watu wawili tu katikati, McGuire na Rickey, wote wadakaji. Sina ushahidi kwamba waliwahi kuzungumza habari hiyo, na sitaki kubuni.

Mpira maarufu uliopotea wa 1904 ulikuwa kosa la mdakaji?

Tarehe 10 Oktoba 1904 mrushaji Jack Chesbro wa New York, mwenye ushindi 41, alirusha mpira uliompita mdakaji Red Kleinow katika zamu ya mwisho, na Boston ikachukua ubingwa. Mkimbiaji aliyefunga alikuwa Lou Criger, naye mdakaji. McGuire, aliyedaka michezo mingi zaidi msimu huo, hakuwa nyuma ya mpigaji siku hiyo. Watu walibishana miaka mingi kama angeuzuia. Uliandikwa kuwa kosa la mrushaji, na naona ni sawa.

Kuna mdakaji kutoka Afrika Mashariki?

Dennis Kasumba wa Uganda alijulikana kwa video za mazoezi yake, na mwaka 2023 alikwenda Marekani na timu ya Frederick Keys katika ligi ya vijana wanaosubiri kusajiliwa. Hakuwa mdakaji wa kwanza wa timu.

Mchezo wa McGuire wa 1912 unahesabika kweli?

Unahesabika. Ty Cobb wa Detroit alisimamishwa kwa kumpiga shabiki New York, wenzake wakagoma. Tarehe 18 Mei 1912 Detroit ilikuwa Philadelphia bila timu, na ili kukwepa faini iliokota vijana wa mjini na kuwavalisha jezi. Makocha nao wakaingia. McGuire, miaka 48, alidaka, akapiga mpira mmoja salama na kupata pointi moja kati ya mbili za Detroit. Philadelphia ya Connie Mack ilipata 24.

Wapo wanaosema siku hiyo isihesabiwe kwa sababu haikuwa timu halisi. Ligi iliihesabu, na kwa hiyo McGuire ana misimu 26, rekodi iliyodumu hadi mrushaji Nolan Ryan alipofikisha 27 mwaka 1993. Ukiiondoa anabaki na 25.